Siku Baba Mdogo Alipoitikia Namba

Mwaka ule wa hamsini na nne, kila asubuhi kabla ya shule, Evarista na kaka yake Saulo walipita kwenye mianzi ya baba yao pale Kilolo. Saulo alikata ncha za mianzi michanga ili ulanzi, utomvu wa mwanzi unaogeuka pombe, uendelee kutiririka, naye Evarista akapokea mbeta, vile vyombo vya mwanzi vya kukingia. Lakini asubuhi hiyo Saulo alikata huku akitazama barabarani.

"Eva, kesho sikati tena," alisema. "Lori la kuchukua manamba linapita alfajiri. Nakwenda Tanga, kwenye mkonge."

"Una kichaa? Una miaka kumi na minne!"

"Nitawaambia kumi na minane. Hujaviona viatu vya baba mdogo? Wewe sema nimewahi shuleni. Ukifungua mdomo, mimi na wewe basi!"

Siku nzima darasani Evarista hakusikia neno la mwalimu. Akisema, kaka atamchukia. Akinyamaza, kaka ndiye huyo anakwenda.

Baba yao mdogo, Didas, alikuwa amerudi wiki ile kutoka Tanga na viatu vinavyong'aa, miwani myeusi na maneno matamu. Jioni alikuwa amesinzia kitini uani, mama alipochungulia kutoka jikoni.

"Didas, ugali tayari!" Kimya. "Shemeji Didas!" Wapi!

"Huyo akilala ni gogo," Saulo alicheka.

Evarista alikuwa mkekani akifanya hesabu zake kwa sauti, apate kusahau yaliyomkaa moyoni. "Mia moja na themanini, jumlisha ishirini na tisa... mia mbili na tisa!"

Loo! Didas aliruka kama aliyemwagiwa maji. Akasimama wima, kofia mkononi, macho yamemtoka pima. "Nipo, bwana!"

Saulo aliangua kicheko, akakikatiza alipoona baba mdogo hatanii. Mwiko ulimponyoka mama ukaanguka chini.

"Mdogo wangu," baba yao, Ezekia, alisema taratibu, "nani kakuita?"

Didas aliketi, akafuta jasho. "Mia mbili na tisa ndilo jina langu kule, kaka. Alfajiri nyapara anaita namba, na usipoitikia upesi, siku hiyo umefanya kazi ya bure. Hakujua hata kama naitwa Didas. Hili neno manamba watoto wanalitamka kama sifa! Limetokana na namba, neno la Waingereza. Namba ni ya kuhesabia vitu, nyumba, magunia, kurasa za kitabu. Sisi tukapewa kila mtu yake, watu wakatuita manamba. Na hivi viatu na miwani, ndivyo pekee nilivyorudi navyo."

Evarista aliziacha hesabu zake. Alimtazama Saulo, naye akamkazia macho: usithubutu! Akathubutu.

"Baba, Saulo anapanda lori kesho! Atadanganya umri!"

"Ati nini?" Baba alisimama, fimbo mkononi. Mama alishika kichwa. "Yesu wangu! Mwanangu huyu?"

"Msaliti wewe!" Saulo alifoka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

Didas aliidaka fimbo. "Wa kuchapwa ni mimi, kaka. Wiki nzima nawaonyesha miwani, ya kule nimeyaficha."

Alfajiri lori lilipiga honi barabarani, likangoja, likaondoka. Saulo alikuwa kwenye mianzi, amenuna, kisu mkononi. Alikata, akamsukumia dada yake mbeta ya kwanza. "Shika vizuri, usimwage," alinong'ona. Evarista alitaka kulia kwa furaha.

Didas, aliyekuja kuwasaidia, aliwatazama wote wawili. "Kazi ya jasho si aibu, Saulo, hata ya mkonge. Ukikua ukiitaka, nenda, lakini kwa umri wako wa kweli na wazazi wakijua. Nawe Eva, siri ya kumwangamiza ndugu yako haifichwi, hata akikununia mwaka mzima."

Mama aliita kutoka nyumbani. "Didas! Uji!"

Didas aligeukia nyumbani.

"Naam, shemeji!" aliitikia, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.