Mkono Nyuma ya Pazia la Mgahawa

"Huu mkono naujua."

Uzi alisema hivyo kwa sauti ndogo, mguu ukiwa bado juu ya kikanyagio cha cherehani. Gauni la harusi, lake mwenyewe, lilining'inia nusu mezani nusu sakafuni. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

Picha ilitoka kwenye kundi la mtaa, lile linaloitwa Tumekula Wapi. Ukitaka kujua maji yatakatika lini, mbuzi wa nani amepotea, au mgahawa gani umeanza kupunguza nyama kwenye supu, humo ndimo. Msimamizi wa kundi ni mama mmoja anayeitwa Redio, kwa sababu hazimiki. Asubuhi hiyo Redio alikuwa amebandika picha ya meza ya nyuma pale mgahawa wa kona, ile ya faragha yenye pazia. Pazia lilikuwa limeacha upenyo, na kwenye upenyo ulionekana mkono wa mwanamume. Ulishika kijiko cha supu, kikielekea kinywani mwa mtu ambaye pazia limemficha. Juu ya kifundo cha mkono huo palikuwa na kovu la kuungua, refu kama kiwavi.

Chini yake Redio ameandika: "Mapenzi bado yapo, jamani. Hawa ni wa kila Alhamisi mchana. Wangu mimi hata chumvi hanisogezei."

Watu walikuwa wamecheka humo mpaka basi. Uzi hakucheka. Kovu lile alilifunga bandeji kwa mikono yake, siku waya ulipomchoma mchumba wake, fundi umeme ambaye mtaa mzima unamwita Fundi tu, kana kwamba wengine wote ni wanafunzi.

"Mama, njoo uone."

Mama yake alitoka chumbani akijifunika mtandio. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, na mpaka leo kuna wazee wenye wajukuu wanaoficha sigara wakimwona. Aliinama juu ya simu. Akakawia kuinuka.

"Ni Fundi, mama."

"Mikono iko mingi."

"Yenye kovu hilo? Na kila Alhamisi, kama leo, ananiambia yuko kiwandani anabadilisha nyaya. Kumbe anabadilisha wanawake."

"Usiandike kitu humo. Muulize kwanza."

Uzi aligeuka kwenye kiti. "Leo unamtetea? Wewe uliyesema hutakaa meza kuu siku ya harusi yangu? Uliyesema chakula cha harusi hiyo hutakigusa?"

"Nilisema sitakaa meza kuu. Sikusema simtaki yeye."

"Sasa hutaki nini, meza?"

Mwalimu aliusogeza mtandio. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya mtandio, kama alivyozoea tangu augue mwaka jana.

"Nina kikao cha wastaafu," alisema akielekea mlangoni. "Tutaongea nikirudi. Usiandike kitu, mwanangu. Nakuomba."

Hilo neno la mwisho Uzi hakulisikia vizuri. Angelisikia angeshtuka, maana mama yake si mtu wa kuomba. Alikuwa ameshaanza kutafuta namba.

"Ndiyo, mpenzi," Fundi akapokea.

"Uko wapi?"

"Kiwandani. Niko juu ya ngazi hapa."

Nyuma ya sauti yake kijiko kiligonga bakuli, na mtu akauliza supu iletwe sasa au asubiriwe mgeni.

"Hiyo ngazi inauza supu?"

Sauti ya Fundi ikashuka.

"Uzi, nisikilize kidogo..."

Alikata. Vidole vyake viliandika bila kukosea: "Mkono huo ni wa mchumba wangu. Gauni nimeacha kushona na harusi haipo. Anayetaka kumjua huyo anayelishwa, anikute mgahawa wa kona sasa hivi."

Akatuma kwenye kundi. Mtaa mzima.

Ujumbe wa Fundi uliingia akiwa barabarani, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. "Usije. Nakusihi. Jioni nitakuambia kila kitu."

Akamjibu: "Jioni kamwambie huyo unayempoozea supu."

*

Mgahawa wa kona haukuwa umejaa hivyo tangu timu ya mtaa ichukue kombe. Kinyozi alikuja na mteja wake, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili unasubiri. Mama wa mboga aliacha genge wazi. Kila mtu alinunua soda ili asifukuzwe, na mwenye mgahawa, mtu mpenda amani lakini mpenda wateja zaidi, alikuwa anaongeza viti.

"Pita, wifi, pita," Redio alisema, simu imeinuliwa juu. "Mimi sikujua ni wako. Ningejua ningekutumia pembeni."

"Ungenitumia pembeni na kwenye kundi pia."

Redio alifikiri. "Kweli," akakubali.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya pazia, mikono ameitanua kama kipa.

"Toka hapo," Uzi alisema.

"Twende nje tuongee."

"Humo ndani yumo nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimekula kiapo."

"Umekula kiapo, umekula supu, na sasa umekula harusi. Hushibi?"

Watu waliguna. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Fundi alikuwa anatokwa jasho, na mtu anayetokwa jasho mahali penye feni watu humhukumu mapema.

"Mwache aingie," sauti ilisema nyuma ya pazia.

Uzi aliijua kabla hajagusa kitambaa. Ndiyo sauti iliyomfundisha kusoma.

Alipenya. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya bakuli, kitambaa kimefungwa kifuani kama cha mtoto. Mkono wa kulia ulikuwa mezani, nje ya mtandio. Ulikuwa unatetemeka. Kijiko kilichokuwa ndani yake kiligonga ukingo wa bakuli mfululizo, na Mwalimu alikuwa anakitazama kama anavyomtazama mwanafunzi mkaidi.

Uzi alifunga pazia nyuma yake haraka.

"Mama."

"Kaa."

"Ulisema umepona."

"Nilisema."

"Daktari alisema umepona."

"Daktari alisema nitatembea. Natembea." Mwalimu aliweka kijiko chini kwa mkono wa kushoto. "Kile kiharusi hakikuondoka chote. Kingine kimebaki hapa mkononi. Kwa nini unadhani ninakula chumbani na kufunga mlango?"

"Nilidhani unanikasirikia. Kwa ajili ya Fundi."

"Ulidhani hivyo, nami nikakuacha udhani. Ilikuwa rahisi zaidi."

Uzi alikalia ukingo wa kiti. "Na yeye alijuaje?"

"Alikuja kutengeneza swichi ya chumbani kwangu. Hakubisha hodi vizuri, unamjua. Akanikuta wali umejaa mapajani. Nikamfukuza. Hakutoka. Akapiga magoti akaokota punje moja moja, mkwe wangu huyo, mbele ya miguu yangu. Sikujua niangalie wapi. Kisha akaniambia waya ukilegea haukatwi, unakazwa. Siku ya harusi macho yote yatakuwa meza kuu, kwa hiyo tufanye mazoezi mahali penye watu, lakini palipo na pazia."

"Ile picha je? Anakulisha."

"Siku ile mkono uligoma kabisa. Nilikuwa na njaa."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi ni mwanao. Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu wewe ungelia."

Uzi alikuwa analia tayari. Alijifuta kwa futi ya kupimia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Fundi aliingiza kichwa. "Leo alikuja kuniambia tuache," alisema kwa sauti ya chini. "Nikamwambia hapana, tukuambie. Ndipo mtaa ukaanza kuingia."

"Nilipopiga simu uliniambia uko juu ya ngazi."

"Ngazi ilinitoka tu."

"Kila Alhamisi ulinidanganya, Fundi. Usoni. Nikakufungashia na chakula cha kazini."

"Nilikudanganya." Hakujitetea zaidi. "Nitalipia hilo vyovyote utakavyo. Lakini huko nje wameanza kupiga meza wanataka kumwona huyo mwanamke, na yeye hawezi kutoka hivi."

Nje Redio alikuwa anawaambia watu wasogee ili picha itoke vizuri.

Fundi aliwatazama wote wawili, kisha akarudisha kichwa nje. Walimsikia akikohoa.

"Jamani. Mkono ni wangu. Nilikuwa na mwanamke. Jina lake sitalitaja, na Uzi hana kosa lolote. Mmeshaona mlichokuja kuona. Nendeni nyumbani."

"Mmesikia kwa masikio yenu," alisema Redio. "Kwangu soketi ya chumbani inatoa cheche, lakini huyu havuki tena mlango wangu. Afadhali niungue."

"Wala kwangu," alisema kinyozi. "Nina mabinti."

"Hata mita yangu asiiguse," alisema mama wa mboga.

Fundi umeme anaishi kwa kuingia chumba hadi chumba. Asipoaminiwa vyumbani, abaki kutengeneza taa za barabarani, na hizo hazina mwenyewe wa kumlipa. Uzi alijua. Alisikia milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, na mwanamume wake amesimama katikati anaitikia, "Sawa. Sawa. Nimesikia."

Aliinuka. "Naenda kuwaambia mimi ndiye niliyekosea."

"Utawaambia nini?" aliuliza Mwalimu. "Kwamba humo ndani yumo nani?"

Uzi alipiga hesabu. Akisema ukweli, amemvua mama yake nguo mbele ya mtaa. Akinyamaza, Fundi amekwisha, na harusi pamoja naye. Alisimama pale akiwa ameshika pazia, halivuti wala haliachi.

"Huyo mjinga anaendelea kuitikia tu," Mwalimu alisema akisikiliza.

"Anakulinda, mama."

"Nasikia anachofanya. Mimi si kiziwi. Ni mkono tu." Alifungua kitambaa kifuani, akafikiri, akakifunga tena. "Sogea."

Akavuta pazia mwenyewe.

Mgahawa ulitulia mara moja. Kinyozi alisimama. Mteja wake akasimama naye. Watu wazima wale wote, bila kuambiwa, wakaweka soda chini.

"Shikamoo, Mwalimu," sauti kadhaa zilisema.

"Marahaba. Kaeni. Nimesikia mnamtafuta mwanamke anayelishwa na fundi huyu." Alimgeukia Redio. "Wewe nilikukalisha dawati la mbele kwa ajili ya kelele, na naona halikusaidia. Shusha simu. Au kama unapiga, ipige picha vizuri. Mimi ndiye ninayetikisika, si wewe."

Redio aliishusha, akaikalia.

"Bwana mgahawa, niletee meza hapa katikati. Na supu nyingine, hii imepoa."

"Mama, si lazima," Fundi alinong'ona.

"Kaa chini."

Fundi akakaa. Meza ililetwa, na bakuli juu yake, mvuke ukipanda. Mwalimu alishika kijiko kwa mkono wa kulia mbele ya watu aliowafundisha kushika kalamu. Mkono ulitetemeka. Kijiko cha kwanza kiliinuka, kikafika nusu ya njia, kikamwagika chote kwenye kitambaa. Mama wa mboga alitazama pembeni.

"Usiangalie pembeni," Mwalimu alimwambia. "Nani hapa niliwahi kumfinya sikio kwa kumwaga chakula?"

Mikono iliinuka polepole. Ilikuwa karibu mikono yote. Wa mwenye mgahawa pia, pale jikoni.

"Basi leo ni siku yenu."

Hakuna aliyecheka. Kijiko cha pili kilimwagika nusu, na nusu ikafika. Alimeza. Cha tatu kilifika karibu chote, na kinyozi akatoa pumzi kubwa kama aliyekuwa amebeba gunia.

"Huyu kijana," alisema Mwalimu akipumzika, "amenifuta mdomo miezi yote hii wala hakumwambia mtu. Hata mchumba wake. Leo amekubali aitwe mhuni ili mimi nisionekane hivi. Sasa nimeonekana. Mwenye soketi inayotoa cheche aseme."

Redio aliinua mkono kama yuko darasani. "Yangu, Mwalimu. Aje hata leo."

"Na harusi?" kinyozi aliuliza kwa uangalifu.

Wote walimtazama Uzi. Alisogea mpaka mbele ya kiti cha Fundi.

"Nimekukasirikia," alimwambia.

"Najua."

"Nitakukasirikia mpaka siku ya harusi. Siku hiyo nitapumzika, kwa ajili ya wageni. Kesho yake nitaendelea."

"Kwa hiyo ipo?"

"Kama isingekuwepo ningekukasirikia kwa ajili gani?"

Fundi aliinamisha kichwa, akauficha uso wake nyuma ya mkono ule wenye kovu. Mabega yalicheza. Uzi alimwekea kiganja kisogoni, akakiacha hapo.

Nyuma yao kijiko kilianguka sakafuni. Mwalimu aliutazama mkono wake. Ulikuwa umechoka, umefunga vidole, hautaki tena. Fundi alikuwa ameshaanza kunyanyuka.

"Si wewe," alisema Mwalimu.

Akageuza uso kwa binti yake, na mbele ya mtaa mzima akafungua kinywa kidogo, akasubiri.

Uzi alivuta kiti karibu. Akachukua kijiko kingine, akachota, na sasa mkono uliotetemeka ulikuwa wake.

"Puliza kwanza," alisema mama yake. "Ya moto."