Wimbo Usiosindikizwa

Uzi mnene wa fidla ya Everlyne ulilia kabla upinde haujaugusa. Haukulia kwa nguvu. Ulinong'ona tu, kama mtu anayekohoa mlangoni ili wenye nyumba wajue yuko nje. Ilikuwa mchana, ukumbi wa kanisa pale Malindi ulikuwa mtupu, na feni ya dari ilikuwa imezimwa kwa azimio la kamati ya majengo.

Mwalimu Nahashon, aliyemfundisha tangu shule ya msingi, alisema ni unyevu wa bahari. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, na tangu ahamie pwani unyevu wa bahari ndio uliobeba lawama zote: kutu, mafua, hata uchelewaji wa wanakwaya. Akabadilisha uzi. Ule mpya nao ukanong'ona.

"Umeusikia, mwalimu?" Everlyne aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia uzi mpya. Cheza."

Akacheza. Kipande kilikuwa cha Kijerumani, kigumu, walichokuwa wamekisugua pamoja mwaka mzima. Alipofika katikati, vidole viliacha njia. Vilishika wimbo mwingine, wa polepole, wenye kuyumba kama mtu anayetembea ndani ya maji, ukaenda mpaka mahali fulani, ukakatika. Ukumbi ulijaa harufu ya udi na mwani uliooza. Mwalimu alifungua dirisha.

Everlyne aliujua wimbo ule. Alijua pia ni kwa nini ulikatika pale.

Ilikuwa kwenye mchujo, katika ukumbi wa hoteli huko Watamu. Alitafutwa mpiga fidla mmoja wa pwani atakayesimama peke yake mbele ya okestra jijini Nairobi, kisha apelekwe ng'ambo kusoma. Kanuni zilitaka vipande viwili: kimoja cha Ulaya, na kingine kiwe utunzi wa mshiriki mwenyewe, chenye ladha ya kwao, kisichozidi muda uliowekwa. Afisa wa utamaduni aliyesimamia muda alipewa kengele ya mkononi, na ilionekana wazi kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kukabidhiwa kifaa kilichomfurahisha hivyo.

Everlyne hakuwa na utunzi. Alichokuwa nacho ni wimbo wa hawe, bibi yake Kavumbi, aliyemlea huko Ganda. Hawe alipokuwa msichana alipandwa na jini, akachezewa kayamba, ngoma ya kupunga majini. Wapigaji walimpigia nyimbo za majini, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule aliyekuwa ndani yake aliposikia wimbo wake akainuka. Aliulizwa anachotaka, akapewa, kisha akapigiwa wimbo wa kumsindikiza arudi kwao. Tangu hapo hawe aliuimba wimbo ule akitwanga, akifua, akipepeta mchele, na hakuna siku aliyouacha bila kuumalizia kwa ule wa kusindikiza.

Siku ya mchujo Everlyne alipiga ule wimbo wa kumwita jini. Alipotaka kuingia wa kusindikiza, kengele ikalia. Watu walisimama wakapiga makofi. Hivyo ndivyo jini alivyoitwa Watamu kwa fidla, akafika, akaachwa wima kwa sababu za kiutaratibu.

Hilo pengine lingesameheka. Lakini mwenyekiti wa jopo, Bi Phoebe kutoka Nairobi, alimsifu kwa utunzi wake, naye akasema asante. Kisha Bi Phoebe aliuliza, kwa wema tu, yule mzee wa leso kule nyuma, aliyepakata mfuko wa mahamri, ni nani. Everlyne alitazama marumaru ya sakafuni.

"Ni mama anayetusaidia kazi za nyumbani."

Hawe alisikia. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha jopo zima. Aliinuka taratibu, akaenda kungojea nje, juani.

Sasa fainali ilikuwa inakaribia. Mwanzo ulikuwa uzi, ikafuata harufu, kisha adhuhuri moja, Everlyne akifanya mazoezi chumbani, mlango u wazi na majirani wanaanua nguo uani, alihisi pumzi shingoni upande wa kushoto, pale fidla inapolala, pumzi ya baridi iliyokwenda kwa mdundo ule ule wa wimbo, ikimngoja afike mahali ulipokatika, na alipofika ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo, ikaanza upya, naye akaanza upya kwa sababu mkono ulioshika upinde haukuwa ukimsikiliza tena, ukapiga na kupiga huku majirani wakimsifia kwa juhudi, mpaka ncha za vidole zikapasuka, na kilichotiririka juu ya ubao wa fidla hakikuwa damu, yalikuwa maji ya chumvi.

Kumvumilia jini aliweza. Asichoweza ni ile njia ya kwenda Ganda. Alikwenda hata hivyo, akamkuta hawe akichambua mchicha.

"Shikamoo, hawe."

Hawe hakuitika marahaba. Alipangusa kigoda kwa ncha ya leso, akamsogezea.

"Karibu, mama. Leo nianze kufua au nipige deki?"

Everlyne aliteremka magotini, akalia. Hawe alimwacha alie mpaka achoke, ndipo akamshika mkono, akaviona vidole. Aliagiza aitwe Ngowa.

Ngowa alikuwa mganga mwenye cheti. Alikuja nacho kwenye fremu, kimejaa mihuri, na alipenda kisomwe kwanza kabla mgonjwa hajaanza kueleza shida. Alasiri ile alimkalisha Everlyne mkekani, akamfunika shuka jeupe, na wapigaji wake wakatikisa kayamba mpaka jasho likawatoka. Walipita wimbo hadi wimbo. Shuka halikutikisika, hata walipoupiga ule wa hawe.

"Huyu hakuja kwa kayamba," Ngowa alisema mwishowe. "Mpeni fidla yake."

Yaliyofuata Everlyne alisimuliwa baadaye. Alipiga mpaka pale pa kukatika, mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye maji ndani yake. Ngowa aliiuliza ni nani na kwao ni wapi.

"Nilikuwa na kwetu," sauti ilijibu. "Huyu alisema mbele za watu kwamba amenitunga yeye. Basi mimi ni wake."

"Tutakusindikiza urudi."

"Mtanisindikiza wapi? Aseme palepale, mbele ya watu wale wale, wimbo ni wa nani na yule mzee ni nani. Asiposema, mimi nimeshafika."

Ngowa alikiri kwamba hilo marashi yake hayaliwezi, akaanza kufungasha. Everlyne alipozinduka na kuambiwa, hawe alimuuliza jambo moja tu: je, akisema, watamwondoa mashindanoni? Everlyne alijibu kwamba kanuni ndivyo zinavyotaka, utunzi uwe wa mtu mwenyewe. Hawe aliikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Siku ya fainali, ukumbini kule kule Watamu, hawe aliketi mbele. Jopo lilikuwa lile lile, kengele ile ile. Everlyne alishika kipaza sauti akiwa na maneno yake tayari. Alimwona mwalimu Nahashon ndani ya suti yake ya harusi, macho yamemtoka kwa matumaini. Aliona kalamu ya Bi Phoebe ikingoja juu ya karatasi.

"Wimbo huu," alisema, na pumzi shingoni ikasimama kumsikiliza, "wimbo huu nimeutunga kwa kuegemea sauti za jadi za kwetu."

Afisa wa utamaduni alitikisa kichwa kwa ridhaa kubwa, akamwambia aliyeketi jirani yake kwamba sera inasema hivyo hivyo, mizizi na ubunifu.

Everlyne alipiga. Vidole vilimtii vyote, vilimtii mno, na kile cha Kijerumani hakikuwahi kutoka vizuri kiasi kile. Alipomaliza, Bi Phoebe alipangusa macho. Akasema anamwona tena yule mzee wa siku ile, na pengine yeye, kama mwenyeji, sauti hizo za jadi anazifahamu. Akaomba apelekewe kipaza sauti.

Bado palikuwa na nafasi. Everlyne alikuwa jukwaani, mdomo ni wake, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Hawe aliinuka na kumtazama, akamtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kama mtu anayeshikilia mlango kwa ajili ya anayekuja nyuma. Everlyne alitazama marumaru.

"Siufahamu wimbo huo, mama," hawe alimjibu Bi Phoebe, kwa Kiswahili chake kizuri. "Mimi ni msaidizi wa nyumbani tu."

Watu walicheka kwa upole, wakampigia makofi. Jina la mshindi likatangazwa. Everlyne aliinama kama alivyofundishwa, na akiwa ameinama hivyo, makofi yakimwagika juu ya mgongo wake, alihisi kile kilichokuwa begani kikijiweka vizuri, kikinyoosha miguu, kikishusha pumzi ndefu isiyo na haraka, kama mtu aliyekabidhiwa nyumba na mwenyewe.