Dole Gumba la Bi Riziki

"Ndulele, Ndulele, hapa Kilindi. Chumvi imeloa. Narudia, chumvi imeloa."

Somoe Nangumbi alibonyeza redio yake ya Motorola mara mbili. Amesikia. Kwa watu wa Idara, chumvi kuloa kuna maana moja tu: kamata, na ukamate hai.

Hai. Neno hilo hakulipenda.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, mdomo wa mto Ruvuma. Maji yalikuwa yanakupwa upesi. Boti ya faiba yenye injini ya Yamaha ilikuwa inatokea ng'ambo, imebeba marobota manane chini ya turubai la bluu. Somoe alikuwa amelala kifudifudi kwenye mizizi ya mikoko, tope limemfika kiunoni, darubini machoni. Juu yake droni ilikuwa inanung'unika kama nyuki.

Mwenye boti akainua kichwa. Akaiona.

Akakata kona ghafla, akaingia kwenye kijito chembamba katikati ya mikoko.

Kosa la kwanza. Kijito kile maji yakikupwa hakina njia ya kutokea.

Somoe alikata moja kwa moja kwa miguu. Akaruka mzizi. Akaruka wa pili. Akatokeza mbele ya boti, Glock mkononi.

Risasi moja. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikazima.

Mwenye boti akajitupa nje akimbie. Tope likammeza hadi mapajani, akabaki amesimama pale kama mtu aliyepandwa.

"Usinipige dada! Mimi dereva tu, haki ya Mungu!"

"Jina?"

"Josephu."

"Umebeba nini, Josephu?"

"Mifuko. Mifuko mitupu, dada. Sina bangi, sina meno ya tembo."

Somoe alichana robota kwa kisu. Ni kweli. Mifuko mipya ya korosho, inang'aa, inanuka wino. Elfu na elfu. Kila mmoja una kiganja cheusi, vidole vitano vimetanuka, na chini yake maandishi: KIGANJA CHEUSI, KOROSHO ZA MIKINDANI.

Akakitazama kile kiganja muda mrefu. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi tii, hazina hata mstari mmoja.

Alikuwa anakijua. Kilimlea.

Mwaka 2019 mama yake, Bi Riziki, alipaka masizi mkononi, akaugandamiza juu ya karatasi nyeupe, karatasi ikaenda kwa msajili ikawa alama ya biashara yenye cheti. Wanawake thelathini na wawili wa Mikindani wanakula kwa kiganja hicho.

"Nani kakutuma?"

"Bosi Brian. Brian Kasulwa."

Kidole cha Somoe kilibanduka kwenye kifyatulio kwa taabu.

Kuna watu husahau. Wengine hatusahau. Alhamisi, tarehe kumi na moja Juni 2009. Bi Riziki alikuwa anauza kwenye vimfuko vya nailoni vyenye kikaratasi: Korosho za Bi Riziki. Brian Kasulwa akaja na shati jeupe na fomu. "Mama yangu, wewe kaa ubangue, usajili niachie mimi." Akasajili kweli. Kwa jina lake yeye. Miezi minane baadaye, Alhamisi tena, akarudi na amri ya mahakama: eti Bi Riziki anaghushi bidhaa ya Bwana Kasulwa. Anaghushi jina alilopewa na baba yake mzazi! Vimfuko mia sita vikarundikwa mbele ya kibanda chake. Brian akatoa kiberiti mfukoni, akamkabidhi mama mwenyewe.

"Washa, mama. Sheria ni sheria."

Mama akawasha.

Somoe alikuwa na miaka kumi na minne, amevaa sare za shule. Alikiokota kile kiberiti. Anacho mpaka leo.

Na asije mtu akaniambia yule mama alikosa elimu. Alikosa mtu wa kumwambia jambo moja tu: jina lako lisajili kwa jina lako, na stakabadhi ilale kwako. Walioijua siri hiyo walikaa kimya wakala nayo.

"Mifuko hii inakwenda wapi?"

"Ghala la bosi, Mtwara. Kuna korosho mle, dada, hata mbuzi hali. Za msimu wa juzi, zimefagiwa sakafuni. Zinaingia humu, zinapelekwa nje."

"Alama hii ina mwenyewe."

"Si ndiyo leo inakuwa yake?" Josephu alishangaa kuulizwa. "Saa nane mchana, Shangani pale Mtwara, kwa watu wa msajili. Ana hati. Yule bibi kamuuzia, katia na dole gumba. Ikishapokelewa, bosi anasema kesho tunakwenda Mikindani kuchoma mifuko ya wale wanawake."

Kuchoma. Tena.

Somoe akamtupia kamba. "Jishike. Wenzangu wanakuja kukutoa."

"Saa ngapi?"

"Kabla maji hayajajaa. Nadhani."

* * *

Hilux ilikuwa inaruka mashimo ya barabara ya Kilambo. Somoe aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili una simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, unakimbizwa?"

"Nakimbiza. Mama, umetia dole gumba kwenye karatasi yoyote mwaka huu?"

Bi Riziki akacheka, kicheko kirefu.

"Dole lipi, we Somoe? Hili? Laini hii ninayoongelea ina jina la nani?"

"Langu."

"Kwa nini?"

Somoe akakanyaga breki. Hilux ikaserereka, ikasimama katikati ya vumbi. Alikuwa analijua jambo hilo maisha yake yote, kama mtu anavyojua harufu ya nyumba yao, na hakuwahi kulifikiria.

"Yule binti wa laini alinibonyezesha kwenye kimashine chake mara kumi na moja," mama aliendelea. "Akaniambia, bibi, wewe ni jini au ni mtu? Miaka thelathini na mmoja ya maganda ya korosho, mwanangu. Mafuta yake yanaunguza, yamekula mistari yote. Muulize mbanguaji yeyote Mikindani, vidole vyetu ni kama kioo."

"Mama, uko wapi?"

"Ukumbini hapa Shangani. Watu wa msajili wamekuja kuwafundisha wenye biashara ndogo. Tumepanga meza: korosho, siagi yake, na mitungi miwili ya mafuta ya maganda, wanaojenga wanapaka nguzo zisiliwe na mchwa. Ukija niletee maji ya kunywa, jua kali."

"Nakuja. Usitie kidole popote."

"Nitie kipi?"

* * *

Saa nane kasoro dakika tano.

Brian Kasulwa alikuwa amenenepa. Suti ya bluu, saa ya dhahabu, miwani ya Ray-Ban juu ya kipara. Kushoto kwake mnunuzi kutoka nje, mtu wa suti ya kijivu asiyesema. Nyuma yake Yohana, mlinzi, shingo kama gogo. Mbele yao, nyuma ya kompyuta, Beatrice, ofisa wa msajili.

"Hati ya kuhamisha umiliki," Brian alisema, akaisukuma mezani. "Alama ya Kiganja Cheusi. Kutoka kwa Bi Riziki Nangumbi kuja kwangu."

Beatrice akaifunua. "Fomu yake ya 2019 aliweka sahihi. Hapa mbona ni dole?"

"Alikuwa mgonjwa. Mkono unatetemeka. Unajua wazee."

"Nani mgonjwa?"

Sauti ilitoka meza ya tatu. Bi Riziki alisimama, khanga kiunoni, akaja mbele polepole na wanawake wenzake wa Mikindani nyuma yake.

Brian hakutetereka. "Mama yangu! Umesahau tena? Madamu, ana tatizo la kumbukumbu."

"Kumbukumbu?" Bi Riziki akamtazama tangu viatu hadi miwani. "Mwanangu Brian, siku ile ulivaa shati jeupe, kifungo cha pili kilikuwa kimekatika. Niendelee?"

Wanawake wakaguna. Mmoja akapiga kigelegele cha dharau.

Mlango ukafunguka.

Somoe aliingia na tope lake lote, limekauka, linadondoka vipande vipande juu ya marumaru.

Yohana akaona bastola kiunoni mwake. Akapeleka mkono kwenye koti.

Hakufika.

Kiwiko kimoja kooni. Goti moja tumboni. Yohana akalala chini akitafuta pumzi, na Beretta yake ikateleza hadi miguuni kwa Doris, mwuza siagi ya korosho, aliyeikanyaga kwa kandambili na kukunja mikono.

"Endeleeni," Somoe alisema. "Madamu, una kidau cha wino?"

Beatrice, macho yamemtoka, akakitoa.

"Mama, dole gumba. La kulia."

Bi Riziki akachovya, akagandamiza juu ya karatasi nyeupe.

Doa. Doa jeusi, laini, la mviringo. Hakuna mstari. Hakuna hata nusu ya mstari.

Beatrice akaweka hati kando yake. Dole la kwenye hati lilikuwa na mistari safi, imejipinda vizuri, unaweza kuihesabu.

Akainua macho, akamtazama Brian.

"Jibu ulikuwa nalo," Somoe alimwambia Brian. Akatoa mfuko mmoja wa magendo, akaubandika mezani. "Tazama ncha za vidole. Umelichapisha jibu mara elfu arobaini, hukulisoma. Hujawahi kubangua korosho hata moja, Brian. Hujui kazi tunayofanya inatula nini."

"Basi... mtu wangu alikosea. Huenda alimbonyezesha dole bibi mwingine."

Somoe akainua simu juu ya hati. Kijitaa cha kijani kikapita juu ya dole, kikarudi. Akashika redio.

"Kilindi, hapa Ndulele. Umelipata?"

"Nimelipata." Sauti ya Gideoni, mkuu wake, ilisikika ukumbi mzima. "Subiri." Sekunde nne. "Ndulele, utacheka."

"Kazini sicheki."

"Ni la Brian Kasulwa mwenyewe. Dole gumba, kulia. Ghala tumelifunga. Tani kumi na nane za uchafu."

Mtu wa suti ya kijivu alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba wake. Nje walikuwepo wawili wa Idara, wakampokea.

Brian akatazama dole lake. Akatazama mlango. Akatazama meza ya tatu. Mitungi miwili, mafuta meusi mazito.

Ndipo akafanya jambo ambalo mpumbavu pekee angelifanya.

Akarukia mtungi, akazamisha mkono mzima hadi kwenye saa ya dhahabu.

"Pima sasa!" alifoka. "Pima! Haya, mistari iko wapi?"

Beatrice akainuka apige kelele. Somoe akainua mkono kumzuia. Kumwokoa mtu yule hakukuwa kwenye amri. Amri ilisema hai.

Bi Riziki alisogea, akachungulia mtungini kama anayetazama chungu jikoni.

"Subirini kidogo," alisema.

Dakika ikapita. Brian alikuwa anatabasamu. Dakika ya pili tabasamu likaanza kupinda. Akautoa mkono, akaukung'uta. Akaufuta kwenye suti. Akaanza kuupuliza. Kisha akapiga ukelele uliosikika hadi ufukweni.

"Maji! Nileteeni maji! Mafuta! Si mnapakaga mafuta ya nyonyo nyie?"

"Hupakwa kabla, mwanangu," Bi Riziki alisema. "Na mistari haiondoki leo. Itakutaka miaka thelathini na mmoja. Kuanzia saa kumi alfajiri. Umekaa chini, mtoto mgongoni."

Hakuna aliyesogea. Wanawake thelathini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyesogea.

Somoe akamfunga pingu. Mkono mzima na ule mwingine.

"Wewe ni nani?" Brian alilia. "Nimekukosea nini?"

Hakumkumbuka. Hilo ndilo lililouma kuliko yote. Walichomewa maisha, na mchomaji hakubakiwa hata na sura zao.

Somoe akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti. Karatasi imepauka, pembe zimeliwa. Akakishika mbele ya macho yake.

"Alhamisi," alisema.

Macho ya Brian yakatua kwenye kiberiti. Yakahamia kwa Bi Riziki. Yakarudi. Safari hii alikumbuka. Somoe aliona anavyokumbuka, taratibu.

"Mahakama itaamuru mifuko yako iteketezwe. Nitaomba iteketezwe Mikindani, mbele ya kibanda kile kile. Na utaiwasha wewe. Kiberiti kina njiti tatu, nimezitunza pakavu miaka yote hii." Akakirudisha mfukoni. "Sheria ni sheria."

Beatrice alichukua ile hati, akaigonga muhuri mwekundu: IMEKATALIWA. Kisha akamgeuzia Bi Riziki kompyuta aone kwa macho yake jina la mwenye alama. Bi Riziki akalisoma herufi kwa herufi, midomo inacheza. Lilikuwa lake.

Somoe alikuwa ameshafika mlangoni, Brian na funguo za Hilux amewaachia wale wawili wa Idara. Akasimamisha bajaji, akaingia na tope lake, akabonyeza redio.

"Kilindi. Chumvi imekauka."

"We Somoe!" sauti ilimfuata kutoka ukumbini. "Na maji yangu?"

"Dereva," Somoe alisema, "tuanzie dukani."