Alama za Koleo

Gari lilimzimikia mshonaji mbele ya lango la soko, saa nne asubuhi, honi nyuma yake zikilia kama watu wamepagawa. Akashuka na gauni lake la manjano, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, akalipiga gari teke.

"Usimpige mzee, dada. Anakohoa tu." Mwanamume mwenye ovaroli ya bluu alikuwa ameshafungua boneti bila kuombwa.

"Wewe nani?"

"Fundi."

"Hata mimi fundi. Wa cherehani."

"Basi washa, fundi mwenzangu, nikuonyeshe mgonjwa."

Akatoa koleo lenye mpini wa mpira, lililovunjika jino moja, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikatetemeka zaidi. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Vilevile. Alipochomoa wa tatu, hakuna kilichobadilika.

"Umesikia? Mtu akiondoka na kazi isipungue, ujue hakuwa akifanya kazi. Mvivu wetu ni huyu."

Mshonaji alicheka mpaka akasahau honi. Mapenzi yao yakaanzia hapo, barabarani, huku wakitukanwa na madereva.

Miezi mitano ilipita. Kila asubuhi simu ililia.

"Fundi mwenzangu, umeamkaje?"

"Na mtetemo."

"Wewe au gari?"

"Sote wawili, mpenzi."

Kila baada ya wiki mbili tatu gari lilikohoa tena. "Uzee," fundi alisema, akalitengeneza, wakanywa chai wamekalia matairi. Dada wa mshonaji hakuridhika. "Fundi gani huyo asiyeponya?" Mshonaji akamwambia ana wivu.

Kisha ikaja Jumamosi ya gauni la harusi. Mshonaji alilishona kwa wiki sita, akalilaza kiti cha nyuma kama mtoto. Kufika mlimani gari likaanza kukohoa, likaishiwa nguvu, likazima. Bibi harusi akaolewa na nguo ya kuazima. Mama yake alimwambia mshonaji neno moja tu: "Usinisalimie tena."

Fundi hakupatikana kwenye simu. Mshonaji akaliwasha tena, likawaka kwa kutetemeka; akashika spana ambayo fundi alimfundisha kutumia, akachomoa waya mmoja mmoja. Wa tatu, hakuna kilichobadilika. Akafungua plagi. Ncha yake ilikuwa imebanwa chini, hata wembe usingepita, cheche ingerukia wapi? Na juu ya chuma kulikuwa na mikwaruzo ya meno, katikati pengo.

Mshonaji anajua mkasi kwa jinsi ulivyokata kitambaa. Akalijua koleo.

Gari likamfikisha gereji kwa kuchechemea.

"Mpenzi, mzee amekohoa tena?"

Akamwekea plagi kiganjani. "Soma."

Fundi akatazama chini.

"Kila mara ni wewe?"

"Ya kwanza ilikuwa mbovu kweli. Nyingine... niliogopa. Gari likipona, ungekuja kwangu kufanya nini?"

"Kukuona, mjinga wewe! Ningekuja hata kwa miguu!"

"Nataka kukuoa."

"Mtoto wa watu ameolewa na nguo ya kuazima kwa ajili yako, na wewe unanitajia ndoa?"

Akachukua plagi mpya rafuni, akapima nafasi ya ncha, akaifunga mwenyewe, akaondoka.

Wiki saba gari halikukohoa hata mara moja. Hilo ndilo lililomuuma. Kila asubuhi lilipowaka sawasawa, alisalitiwa upya. Fundi alipiga simu: "Gari linaendeleaje?" Akamkatia. Akapiga tena, swali lilelile. Akamkatia.

Siku moja mama wa bibi harusi aliingia dukani, akasimama mlangoni na mkoba wake kifuani.

"Mwanaume mmoja wa ovaroli alikuja kwangu. Amesema kosa lilikuwa lake, si lako. Nilimtukana saa nzima, hakuondoka mpaka nikamaliza." Akaushusha mkoba. "Hujambo, mwanangu?"

Kesho yake simu ililia. Mshonaji akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Sikupigii habari za gari," fundi alisema.

"Za nini, basi?"

"Umeamkaje?"

Mshonaji akakata uzi.

"Na hasira."

"Naweza kuja nizisikilize?"

Mshonaji akalitazama gari nje, zima, halidai kitu.

"Njoo kwa miguu," akasema. "Na hilo koleo uliache huko huko."