Miguu ya Wechuli

Jumapili sokoni Kibuye hakuna anayetembea. Unasukumwa tu mpaka ufike ulikokuwa unaenda. Ndivyo Nanyama alivyofikishwa mbele ya meza ya Mbugua, gauni lake la manjano la kanisani limekunjamana na mkoba ameukumbatia. Hapo akaona alichokuwa akikitafuta tangu Krismasi: viatu vya magurudumu, jozi mbili, magurudumu manne manne kwenye mstari mmoja.

"Unatafutia nani, dada?" Mbugua akauliza. Alikuwa na vishimo mashavuni, na alipangusa vumbi la viatu kwa upole kama anayempangusa mtoto uso.

Hapo ulimi ukamponza. Nanyama alikuwa mrembo kutoka utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, na kutoka hapo kwenda chini alikuwa na siri. Shuleni waliiita miguu yake mitumbwi. Angemwambiaje mwanamume mwenye vishimo kama vile?

"Mtu wangu," akasema. "Anaitwa Wechuli."

Jamani, Wechuli alikuwa mjomba wake, mzee wa miaka sabini anayefuga kuku Kimilili. Lakini ndilo jina lililokuja.

"Anavaa ngapi?"

"Arobaini na mbili," akajibu, na hata huyo Wechuli akampunguzia namba moja.

Mbugua akanywea, ila kazi yake aliiheshimu. Akamweleza kwamba kiatu cha magurudumu hakinunuliwi kwa namba peke yake. Mtu akisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Akikunja magoti, virudi nyuma. Na kisigino kisiinuke hata afanye nini. Soksi ziwe nyepesi. Akamuuzia jozi ya arobaini na mbili, kisha akampa nambari yake ya simu, kwamba vikimsumbua huyo bwana, apige.

Nanyama akapiga. Akapiga Jumatatu, akapiga Alhamisi, wiki ya pili akawa anapiga hata vidole visipouma. Walianza na kisigino cha Wechuli wakamalizia na maisha yao, yeye na dawa anazouza duka la dawa Nyamasaria, Mbugua na mamake Nyeri anayeuliza kila siku ataoa lini. Siku moja Mbugua alimwita "mpenzi," akajiuma ulimi. Seline, muuza soksi wa meza ya pili, alicheka mpaka akakaa chini.

"Omera, ndugu yangu, unampimia adui yako kiatu," akamwambia.

Maneno hayo yalimchoma Mbugua. Usiku ule ule akampigia Nanyama. "Mwambie Wechuli akija na shida aje mwenyewe. Mimi siwezi tena. Nakupenda, na nimechoka kuulizia hali ya vidole vya mwanamume mwingine."

Akakata. Nanyama alibaki na simu mkononi, analia kwa furaha na kwa aibu kwa wakati mmoja. Akisema ukweli, itabidi aonyeshe mitumbwi. Asiposema, amempoteza. Siku nne hakupiga simu.

Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa saruji wa kanisa lao, akavaa vile viatu, akashika ukuta, akapiga.

"Mbugua, vinambana."

Kazi ikaishinda hasira. "Wapi?"

"Kidole kidogo."

"Mwambie akunje magoti. Vidole vimerudi nyuma?"

"Kidogo tu. Wacha aachilie ukuta... Woi!"

Mbugua akasikia magurudumu, ndoo za bati na kuku.

"Nani ameanguka?"

"Wechuli."

"Sasa mbona ni wewe unalia?"

Nanyama akamwelekeza kanisani. "Njoo uone mwenyewe," akasema.

Mbugua akaja kwa boda, ile jozi ya pili, ya arobaini na tatu, kwapani, kwa kuwa mguu wa mtu hauwezi kuteseka yeye akijua. Alimkuta ameketi kando ya tangi la maji, gauni limeloa. Akamtafuta mwanamume nyuma ya tangi, akatazama hata mlango wa kanisa.

"Hakuna mtu," Nanyama akasema. "Miguu ni yangu. Nilikudanganya kwa sababu ni mikubwa, na wewe nilikupenda pale pale mezani." Akafumba macho, akingoja kuchekwa.

Mbugua alichuchumaa, akafungua vifungo, akavua soksi. Kidole kidogo kilikuwa chekundu.

"Wiki tatu silali kwa sababu ya hii miguu," akasema polepole. "Nilidhani ina ndevu."

Nanyama akacheka huku machozi yakimtoka. Mbugua akamvika arobaini na tatu, akamsimamisha, akamwambia akunje magoti. Vidole vikarudi nyuma, kisigino kikatulia. Akamshika mikono yote miwili na hakumwachilia.

"Na Wechuli ni nani?"

"Ni mjomba wangu. Tangu baba afariki, yeye ndiye anapokea wageni wa kuoa."

Mbugua akatabasamu, vishimo vikatokea.

"Basi nitampelekea zawadi," akasema. "Anavaa ngapi?"