Fundi Aliyesema Imekufa

"Weka chini! Kaka, nasema weka chini hiyo kompyuta!"

Soko la Sabasaba Jumamosi asubuhi lina kelele zake, lakini sauti ya Hilda ilizipita zote. Alikuja mbio kati ya mafungu ya nyanya na mitumba, gauni la kitenge cha njano limembana magotini, kiatu kimoja mkononi kwa kuwa kisigino kilikuwa kimeng'oka njiani. Upepo wa Agosti ulikuwa umemjaza vumbi mpaka kwenye kope.

Aliyekuwa akifokewa ni Damas, fundi wa kompyuta mwenye kibanda Makole, mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Ndiyo kwanza alikuwa ameinunua kompyuta ile kuukuu kwa mnunua vyuma chakavu, apate vipuri.

"Dada, hii nimeinunua."

"Umenunua kisichouzwa! Dada wa kazi kaitoa nikiwa kazini, kadhani uchafu."

"Na kweli inafanana na uchafu."

"Uchafu ni mdomo wako!"

Watu wakaangua kicheko. Damas naye akacheka, akaisogeza mbele yake. "Haya bibie, chukua. Ila vaa kiatu kwanza, utachomwa na msumari bure."

Hilda akaipokea, ikamlemea, akayumba. Damas akaiwahi. Walipokuwa wanaelekea barabarani, yeye kabeba, mwenye mali anachechemea nyuma, akauliza kuna nini humo cha kumkimbiza mtu pekupeku.

"Kuna sauti ya marehemu mume wangu," Hilda akasema, na utani wote ukaisha.

Mumewe aliitwa Cornel, mtoto wa kijiji cha Haneti. Mwaka 2009, akiwa chuoni hapa Dodoma, alianza kutengeneza gemu ya zile mashine za kuchomeka kwenye tivii zilizovuma miaka ile. Mchungaji anazunguka milimani kutafuta ng'ombe waliopotea, anawaita mmoja mmoja kwa majina, na sauti ya mchungaji ilikuwa ya Cornel mwenyewe. Gemu haikuisha. Ajali ilimchukua miaka mitatu iliyopita, na wiki ileile ya msiba simu ya Hilda, yenye jumbe zote za sauti, ikaibwa. Basi sauti yake ikabaki ndani ya hadi diski ile tu, ambayo haikuwaka tena.

"Mama yake macho yameingia ukungu, haoni kabisa," Hilda alisema. "Picha hazimsaidii. Nimemwahidi atamsikia mwanawe. Utaweza, fundi?"

Damas alitazama yale macho yenye vumbi, akajibu kabla hajafikiri. "Nitaweza."

Kazi ilikuwa ngumu. Diski ilitumia waya mpana wa zamani ambao madukani hauuzwi tena, na bodi yake ilikuwa imeungua. Ilibidi apate diski nyingine ya toleo lilelile ili aazime bodi. Alipiga simu Dar, Arusha, Mwanza. Kibandani alimwaga maji sakafuni na kutundika kanga mbichi mlangoni kuzuia vumbi. Na kila mchana simu yake iliita kutoka masjala ya wizara moja kule Mtumba, alikofanya kazi Hilda.

"Haloo, daktari. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Bado mahututi. Ndugu wa mgonjwa, amekula?"

"Anakula ugali na mlenda."

"Bila mimi?"

"Kwani wewe ni ndugu?"

"Natafuta undugu."

"Tibu mgonjwa kwanza, mwanaume wewe!" Akakata simu akicheka, na wenzake masjala wakatazamana.

Wiki ya nne diski ikazunguka. Damas aliona mafaili yakijipanga kwenye kioo, michoro ya ng'ombe, milima, na folda moja ya sauti. Akaifungua. Mwanaume akaanza kuita ng'ombe, sauti nene, ya raha. Katikati mwanamke akapasuka kicheko, na mwanaume akasema, "Hilda, nyamaza basi! Nitarudia mpaka lini?" Mwanamke akazidi kucheka mpaka akakohoa.

Damas alirudia mara tatu. Hilda alikuwa akimchekea na yeye, ndiyo, lakini si vile. Kicheko kile kilikuwa cha mtu asiye na hata doa la huzuni, na aliyekisababisha hakuwa yeye.

Simu ikaita.

"Daktari?"

Jamani, wivu! Kumwonea wivu aliye hai ni ugonjwa, lakini kumwonea marehemu ni wazimu mtupu. Fundi mzima, mwenye akili zake, akafungua kinywa, akasema:

"Imekufa, Hilda. Nimejaribu yote. Pole."

Upande wa pili kikasikika kilio. "Sasa mama nitamwambia nini?"

Akamfuata Mtumba saa ileile, akamfuta machozi kwa leso yake. Mafaili aliyahifadhi. Alijiambia atayatoa mwezi ujao, moyo wa Hilda ukitulia. Mwezi ukaja, akasogeza. Kila alivyozidi kupendwa ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito. Walikula zabibu pamoja, wakaenda ibada pamoja, Hilda akaanza kumwita "fundi wangu" mbele za watu. Januari, Damas akamtuma mshenga, mzee Optatus, na barua ya posa kwa baba mdogo wa Hilda.

Baba mdogo hakukataa. Alisema tu kwamba mwanamke aliyekuwa wa watu haondoki kimyakimya. Waende kwanza Haneti, wamuage mama wa marehemu.

"Na diski tuibebe," Hilda alimwambia Damas. "Mama anaitaka."

"Ya nini?"

"Anataka kuizika. Anasema mwanawe amekufa mara ya pili, na hawezi kulala maiti ikiwa haijazikwa."

Damas alitaka kusema pale. Kinywa kilifunguka, kikasema, "Sawa, mpenzi."

Mama yake Cornel, Mama Anyesi, aliwapokea amevaa kaniki safi, kashika fimbo. "Shikamoo mama," wakasema. "Marahaba wanangu." Akampapasa Damas uso kwa vidole vikavu, akatabasamu. Kando ya kaburi la Cornel kulikuwa na kishimo, hakizidi urefu wa mkono. Diski ilikuwa imeviringishwa kitambaa cheupe. Mama akaomba kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili ili mgeni naye aitikie amina. Hilda akaiweka ndani.

"Fundi," mama akasema. "Wewe ndiye uliyehangaika naye mpaka mwisho. Anza wewe kutupa udongo."

Damas akainama, akachota. Udongo ukakaa mkononi. Alimtazama yule mama, uso umeelekea upande usio na mtu, anasubiri kusikia udongo ukianguka.

"Mama, siwezi. Haijafa."

"Unasema?" Hilda akageuka.

"Sauti ipo. Ninayo hapa, kwenye simu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile niliyokuambia imekufa."

Hilda hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Fungulia," akasema mama, akainyoosha mikono. Damas akamwekea simu kiganjani, akaibonyeza. Cornel akaanza kuita ng'ombe. Mama akakaa chini papo hapo, juu ya udongo.

"Huyo ng'ombe wa kwanza alikuwa wa baba yake," alisema machozi yakitiririka. "Wa pili mimi ndiye niliyempa jina. Ee mwanangu, ita tena. Nakusikia."

Kisha kicheko cha Hilda kikaja, cha miaka ile. Hilda mwenyewe akafunika kinywa kwa mikono miwili. Alimtazama Damas, akaelewa kila kitu bila kuelezwa.

"Msikilizishe mama mpaka achoke," akamwambia. "Kisha uende zako."

Wiki mbili Damas alipiga simu, wiki mbili haikupokelewa. Siku ya kumi na tano Hilda akaingia kibandani Makole, gauni la kijivu, nywele kasuka mistari, macho yamevimba.

"Nimefuata mafaili yote."

Damas akampa flashi. "Mama hajambo?"

"Amekusamehe. Anasema aliyechelewesha si sawa na aliyenyima."

"Na wewe?"

"Mimi?" Akaifumbata flashi. "Kila Jumapili nilimpigia yule mama, nikamwambia kwa kinywa changu, 'Mama, imekufa.' Analia, nalia. Na wewe umekaa hapo pembeni, Damas, unanifuta machozi! Mkono uleule ulioificha sauti!"

"Niliogopa, Hilda. Niliona hutanichekea mimi vile."

"Ungejuaje, na hukunipa nafasi? Nilikuwa naanza!" Akajifuta kwa ukingo wa mtandio. "Nakupenda. Nisingekupenda ningekutukana nikapona. Lakini nikiumwa kesho, ukaniambia si kitu, nitajuaje? Barua yako nimemrudishia mzee Optatus."

Njia ya mwongo ni fupi, na Damas alikuwa ameimaliza.

Hilda alifika mlangoni, akasimama. "Kile kicheko. Bado unakisikiliza?"

"Kila siku."

"Kifute."

Damas akaivuta kompyuta, akatafuta, akafuta. Akatoa na simu, akafuta na kule.

"Umefuta kweli?"

"Nimefuta kweli."

Hilda alimtazama usoni kwa muda mrefu. Alitamani kumwamini kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Akashindwa, akatoka nje akilia.

Na kweli alikuwa amekifuta.