Viazi Vikuu Vilivyopoa

Jumamosi hiyo soko la Mbeya lilijaa hata mtu akidondosha kitu aliona afadhali akiache hapo hapo. Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1956, baridi inauma tangu alfajiri, na malori ya Tukuyu yalikuwa yamekwisha kushusha ndizi, magimbi na viazi vikuu vyenye udongo mweusi bado. Siwema alikuwa amechoka kabla hajanunua kitu. Alivaa gauni la maua madogo ya zambarau, sweta ya kijivu yenye viraka viwikoni, na kanga aliyojitanda mpaka kidevuni. Vidole vyake vilikuwa na matundu ya sindano, maana wiki nzima alishona sare barazani kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, na nyumbani alimwacha mama ambaye miguu yake haikukubali tena kumbeba.

Alipoinama kuchagua, akasikia mtu nyuma yake.

"Samahani, bibie. Hiki kinamenywa kwanza, au kinachemshwa na koti lake?"

Akageuka. Mwanamume mrefu, koti la kaki, kofia ya viua, ile ya kutarizi, iliyobadilika rangi kwa vumbi la barabara, amekumbatia kiazi kikuu kama mtu abebaye mtoto aliyelala.

"Kwenu wapi, hata kiazi kikuu hukijui?"

"Iringa."

"Basi pole. Kwenu mmezoea ugali."

"Tumeuzoea, na haujatukosea. Hiki nimekinunua kwa kuwa kila mtu alikuwa anakipita, nikakionea huruma."

Siwema hakukusudia kucheka, akacheka. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Apake mafuta mikononi kwanza, kwa kuwa utomvu wake unawasha. Amenye ganda nene, asifanye uchoyo. Akate vipande vya nusu kiganja, avitumbukize kwenye maji papo hapo visigeuke rangi. Kisha sufuria, maji yafunike vipande tu, chumvi, moto wa wastani, na mfuniko usiinuliwe kila mara. Kisu kikipenya bila kulazimishwa, amwage maji, airudishe sufuria juu ya makaa vipande vikauke, atie samli. Si chakula cha karamu, alimwambia, ni cha kuweka pembeni ya maharage au mchuzi, mtu ashibe vizuri.

"Na nikisahau?"

"Utawashwa. Halafu utakumbuka."

Alisahau. Jumatano iliyofuata, baada ya kumuulizia sokoni, alisimama mbele ya cherehani ya Siwema akijikuna viganja, akasema amekuja kumshitaki mwalimu wake. Ndipo jina lake likajulikana, Halfani Kalinga, dereva wa lori la mchele, njia ya Rujewa, Mbeya na Iringa. Tangu siku hiyo kila Jumatano lori lilisimama mtaa ule. Alileta kibaba cha mchele kwa ajili ya mama, Bi Mwanahawa, akakaa uani kwao Siwema juu ya debe lililofudikizwa, akieleza jinsi alivyopika viazi vikuu njiani Chimala kwenye kopo la maziwa, vikaungua chini na juu vikabaki vibichi. Bi Mwanahawa, ambaye wazee wake walitoka pwani kwa miguu na misafara, alimsikiliza bila kucheka, lakini Halfani akikawia, ndiye aliyeuliza kwa nini debe la mgeni halina mtu.

Siwema alikuwa na miaka ishirini na saba. Aliwahi kuolewa Chimala. Alikaa miaka minne, mtoto hakupatikana, akarudishwa na sanduku lake. Alikuwa amejiambia kwamba huyu naye akimwacha, hatamsikiliza mwingine. Tena kwamba haolewi na mtu asiyemchukua pamoja na mama yake. Hilo la pili alimwambia Halfani wazi.

"Mama atakaa mbele kwenye lori," Halfani akamjibu. "Wewe utakaa nyuma na mchele."

Mwisho wa Agosti akaja kuposa baba mdogo wa Halfani, Mzee Selemani, kwa kuwa baba mzazi alikwisha kufariki. Alisafiri siku nzima kutoka Iringa, akalala kwa jamaa, na kesho yake adhuhuri akafika amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mzee mwenzake nyuma. Aliwapokea ami yake Siwema, Zubery fundi viatu. Siwema alikuwa jikoni tangu asubuhi. Wali, mchuzi wa nyama, na kando bakuli la viazi vikuu, vyeupe, vimekauka sawasawa, samli inang'aa juu yake. Aliupeleka mkeka, akapeleka sinia, akajificha nyuma ya pazia.

Mzee Selemani alisema neno lake kwa adabu. Ami Zubery akamjibu kwa adabu vile vile kwamba wamesikia, karibuni chakula kwanza, mengine baadaye. Wageni wakashukuru. Hawakunawa. Ami akakaribisha tena, wakashukuru tena. Mazungumzo yakaenda kwenye mvua, kwenye bei ya ng'ombe wa Usangu, kwenye barabara. Wali ukapoa. Samli ikaganda juu ya viazi, ikawa nyeupe kama nta. Ilipofika alasiri wageni wakaomba ruhusa, wakaondoka.

"Hawakugusa hata tonge," Bi Mwanahawa alisema. "Kama leo wanatuona wachafu, wakishamchukua itakuwaje?"

Siwema aliinua sinia. Yeye alidhani anajua sababu. Wageni walikuwa wamesikia habari za Chimala, wakaona mikono ya mwanamke aliyerudishwa haiwapikii. Alivimwaga viazi jaani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hamu navyo, akaosha vyombo, akalala na kanga aliyoshinda nayo.

Jumatano Halfani alikuja. Siwema hakuinua macho kwenye cherehani.

"Nenda, Halfani. Watu wenu wamekwisha kusema."

"Wamesema nini?"

Aliikanyaga cherehani, kelele zake zikawa jibu. Halfani akasimama mpaka Mhindi akatoka kutazama. Akaondoka akiamini kwamba amepatikana mtu mwingine, mtu wa asili ya pwani kama wao. Wiki ile ile akaomba abadilishiwe njia, akawa anakwenda Dodoma. Septemba ikapita. Oktoba ikapita. Siwema alishona, akamwogesha mama, akashona. Watu walimwambia amekonda, naye alisema ni baridi, ingawa joto lilikwisha kuanza.

Novemba, asubuhi, Mhindi akamwita ndani. Kuna simu kutoka Iringa. Siwema alikuwa hajawahi kushika simu. Alipewa, akaishika kwa mikono miwili.

"Siwema?"

"Nani?"

"Yule wa kuwashwa."

Ndani ya simu palikuwa na mvumo kama mvua juu ya mabati.

"Halfani, hii simu ya watu."

"Nimepewa dakika tatu. Niambie moja tu. Kwa nini mlimnyima baba mdogo jibu?"

"Jibu? Si alikataa chakula chetu?"

"Hakukataa. Kwetu aliyekuja kuposa hali chakula mpaka ajibiwe. Akila kwanza, ni kama alifuata sinia. Mwenyewe ameniambia juzi tu, nilipomuuliza kwa hasira. Anasema mpaka Chimala alikuwa bado anasikia harufu ya vile viazi, na tumbo linamlaumu."

Siwema akakaa juu ya robota la kitambaa cha marekani.

"Na kwetu," alisema polepole, "mgeni wa safari hajibiwi neno na njaa yake. Kumjibu hajala ni kumfukuza."

"Kwa hiyo walikaa pale wanangojana."

"Mpaka alasiri."

"Na mimi nikapelekwa Dodoma."

"Ulijipeleka mwenyewe." Kisha akainamia simu. "Nimechoka, Halfani. Kweli nimechoka."

"Na mimi, mpenzi. Basi tuchoke pamoja."

Dakika zikaisha, simu ikakatika.

Kumgeuza Bi Mwanahawa, akubali mgeni ajibiwe kabla hajala, kulichukua siku tisa. Alisema mama yake angefufuka kwa aibu. Alisema afadhali Mzee Selemani ale hata kipande kimoja, kwa siri. Siwema alimkanda miguu kwa mafuta ya moto, akamweleza tena, kesho akamweleza tena. Siku ya tisa mama alisema kwamba yeye atafunga mdomo wake. Asemaye na aseme.

Wakaja Jumapili ya mwisho ya mwezi. Viazi vikuu vilikuwa vimeadimika sokoni. Siwema alipata kimoja, kimenyauka upande, akakikata sehemu nzuri. Sinia lilibaki jikoni limefunikwa. Mzee Selemani alisema neno lake. Ami Zubery akakohoa, akasema kwamba binti huyu amekwisha kuolewa mara moja, na sheria ya dini ni kwamba mwanamke wa namna hiyo anajisemea mwenyewe kwa kinywa chake, hasemewi.

Siwema hakutegemea. Alitoka nyuma ya pazia na mafuta mikononi.

"Nimekubali," alisema. "Lakini nakwenda na mama yangu. Bila yeye siendi, na jibu langu lote ndilo hilo."

Bi Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga. Mzee Selemani alikunja mikono ya kanzu yake.

"Mama yako ni mama yake Halfani," alisema. "Haya, mwanangu. Tuletee maji tunawe."

Siwema akapeleka maji, akapeleka sinia, akatokea mlango wa uani. Lori lilikuwa chini ya mikaratusi ya barabara, na Halfani, aliyekatazwa kukaribia nyumba siku ya posa, alikuwa amelala juu ya usukani, mdomo wazi, ndevu za siku tatu. Alikuwa ameendesha kutoka Iringa tangu jana. Siwema akamgusa bega mara mbili ndipo akaamka.

"Wamekula?" aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Wanakula."

Halfani akamtazama, kisha akasogea kumpa nafasi. Siwema akapanda, akafunga mlango, akavua viatu.